Kibanio cha Nguo Kwenye Mrija

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa urembo. Mafuta ya tumboni yalinyonywa, yakahamishiwa kwenye nyonga. Daktari alishona vizuri, ila akaacha tundu dogo ubavuni, akapitisha mrija mwembamba ulioishia kwenye kichupa.

"Majimaji lazima yatoke," alimwambia. "Yakibaki ndani, kidonda kitaoza chini ya mshono mzuri."

Nyumbani akawaambia wenzake wa jumuiya kwamba ametolewa uvimbe. Nao, kama ilivyo desturi yetu, wakaja kumpa pole, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Aliposikia hodi, mama yule akashikwa na haya. Wakikiona kichupa, si wataanza kuuliza? Akachukua kibanio cha nguo, akaubana mrija, akafunika kwa khanga. Wageni waliimba, wakaomba, wakakaa hadi saa kumi. Naye amelala kifudifudi, anatabasamu, ubavu unavimba.

Walipoondoka alikuwa anatetemeka kwa homa. Mama mkwe wake akafunua khanga.

"Nani amebana hapa?"

"Mimi, mama. Niliona haya."

Bibi yule hakumgombeza. Alikiondoa kibanio, akamwahisha hospitali, kidonda kikasafishwa.

Juma lililofuata wageni walirudi. Mara hii mama yule alikuwa amekiweka kichupa juu ya stuli, wazi, mbele yao wote.

"Sikuwa na uvimbe, ndugu zangu," akasema. "Nilihamisha mafuta. Niliwadanganya, mkaniombea."

Je, ninyi mngeweza? Mimi namstahi sana mama huyu. Kisha mgeni mmoja, yule ambaye ulimi wake uliogopwa mtaa mzima, akainama akazitazama alama za kichupa.

"Jana yalifika wapi?"

"Hapo juu."

"Na leo yako huku chini? Basi unapona, mwenzangu. Kunywa uji."

Ndugu zangu, tukisikia habari hii kila mmoja wetu hujiona yule mgonjwa. Husema, nami nina yangu niliyoyabana, niyaachie yatoke. Ni kweli, tuyaachie. Lakini mbona alikitafuta kibanio aliposikia hodi yetu? Kibanio alikichukua kwa mkono wake. Haya aliipata kwetu.

Basi leo tukienda kumjulia hali mgonjwa, tusimame kidogo mlangoni, tujiulize: huyu aliye ndani, akiisikia sauti yangu, mkono wake unakwenda wapi?