Jani la Sale na Rangi ya Chumba cha Kulala

Wapendwa, leo nimepanda hapa nikiwa na hasira, nawaambia mapema mtu asije akatoka nje akasema mchungaji kanuna bila sababu. Sababu ipo. Kaeni vizuri niwasimulie.

Kulikuwa na bwana mmoja wa huku huku mlimani, mtu wa mjini miezi kumi na moja na wa kihambani, shamba la ukoo, mwezi mmoja, kama wengi wenu mliokaa viti vya mbele leo. Kila Desemba alipanda na familia yake kuja kula Krismasi kwenye nyumba aliyojijengea hatua chache kutoka kaburi la baba yake. Nyumba nzuri, vigae mpaka barazani. Na ndani ya nyumba hiyo alikuwa hapati usingizi. Huko mjini alipanga jirani na baa, spika zinapiga hadi kunakucha, naye anakoroma. Huku migombani, kimya hata unamsikia kuku akijigeuza bandani, yeye macho makavu. Akajiuliza ni kitu gani. Akajijibu kwamba ni rangi ya chumba.

Mwaka wa kwanza akamwita fundi wa hapa hapa kijijini, mzee aliyepaka nusu ya nyumba za kata hii. Ukuta ukapigwa msasa, ukapakwa krimu mikono miwili, rangi juu ya rangi, maana bwana alisikia kuwa krimu inatuliza. Wapi. Mwaka wa pili akataka bluu iliyofifia, ile ya anga la asubuhi. Fundi akapaka, hakuuliza kitu. Bwana akalala chali, akaihesabu misumari ya dari hadi akaijua.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mchungaji, kupaka chumba rangi ni dhambi? Si dhambi. Chumba cha kulala kipakwe, tena kwa rangi ya kupumzisha macho, hata changu kimepakwa. Ngojeni nifike.

Bwana huyu alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, anakaa ng'ambo ya uzio. Siku ya kumzika baba yao, Desemba ya mwaka ule wa kwanza, mdogo alimwambia mbele ya ukoo mzima: "Wewe baba umemjua yuko kwenye jeneza. Niliyekuwa nikimgeuza kitandani ni mimi." Maneno makali, na mahali penyewe pabaya. Yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalichoma. Lakini mdogo alijuta hata kabla wageni wa matanga hawajaondoka. Akafanya walivyotufundisha wazee: akachuma jani la sale pale uzioni, akalipiga fundo, akampa dada yao alipeleke kwa kaka.

Ninyi mnalijua sale, sina haja ya kuwafundisha. Mtu akikukosea, akakuletea sale, hukatai. Hata kama alikuumiza vipi, unalipokea na yamekwisha. Kulikataa ni jambo ambalo bibi zetu walilitaja kwa sauti ya chini.

Je, bwana yule alikataa? Angekataa, afadhali. Alimwambia dada yake, "Liweke hapo dirishani."

Hakulipokea, hakulirudisha. Likakauka hapo dirishani kama ganda la ndizi, na Desemba ya pili likaja lingine, nalo likawekwa dirishani. Desemba ya tatu dada akaja tena, amelishika kwa mikono miwili, bichi, limetoka kuchumwa.

"Kaka," akasema, "hili ni la tatu. Binti wa mdogo wako anaposwa mwezi wa kwanza. Wageni watauliza baba mkubwa yuko wapi. Tuwajibu nini?"

"Dada, mimi nimekuja kupumzika. Liweke dirishani."

"Dirishani mpaka lini?"

"Mpaka nipate usingizi. Mtu asiyelala hawezi kuamua mambo ya ukoo."

Mnasikia jibu hilo? Dada alilisikia. Akaliweka jani, akaondoka bila kunywa chai.

Kesho yake asubuhi fundi akafika na ngazi yake. Bwana alikwisha kuamua kwamba safari hii ni kijani, ila kadi ya rangi ya dukani haikuwa na kijani cha kumridhisha. Hiki cha shule, hiki cha zahanati, hiki cha basi la mkoani. Macho yakazunguka chumbani, yakatua dirishani, juu ya lile jani bichi. Kijani kilichokolea, kimetulia, hakipigi kelele. Akafurahi kweli. Akalichukua, akalifungua fundo kwa vidole vyake mwenyewe, akalinyoosha pajani, akamkabidhi fundi.

"Nichanganyie kama hii. Hii hii, isizidi wala isipungue."

Fundi akarudisha mikono mgongoni.

"Mzee, hilo kakuletea nani?"

"Ni jani tu. Ninachotaka ni rangi yake."

"Na fundo lake liko wapi?"

Fundi akaanza kukusanya brashi zake, mojamoja.

"Nimekupakia mara mbili nikakaa kimya, maana kazi ni kazi," akasema. "Hili silishiki. Mwenzako kainama mara tatu, makavu mawili yapo pale dirishani, wewe unamfanya sampuli ya rangi? Tafuta mtu mwingine."

Akabeba ngazi yake, akaenda zake. Na yule bwana, badala ya kuona haya, akakasirika. Alikasirika kweli, wapendwa. Akazunguka barazani akilalamika kwamba mafundi wa siku hizi wana jeuri, kazi hawaitaki, mtu unakuja kwenu kupumzika unaletewa mahubiri. Mimi nikifika hapa damu inanichemka. Mtu kaonywa na mtu wa kupaka rangi, na anachokiona ni utovu wa adabu wa fundi.

Akamleta fundi mwingine kutoka mjini, kijana mgeni asiyeweza kutofautisha sale na jani la mhindi. Kijana alijua kazi, tusimwonee. Alichanganya, akachovya brashi, akapaka kidogo juu ya lile jani ili alinganishe, akaongeza, akapunguza, hata ikawa huoni rangi inaishia wapi na jani linaanzia wapi. Akapaka kuta nne, mikono miwili. Lile jani akalitupa kwenye ndoo ya kusafishia brashi.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada na nyama, bwana akaenda kujinyoosha. Mchana, dirisha wazi, harufu ya rangi imeshapungua. Akalala ubavu wa kulia, akakutana na ukuta. Akageukia kushoto, ukuta. Akalala chali, na pembeni mwa macho yake lile jani lilikuwa pande zote. Alilikwepa likiwa dogo pale dirishani, sasa yumo ndani yake na shuka na mto.

Na akaelewa. Nisikilizeni, maana hapa ndipo tunapojidanganyia: yule mtu alielewa. Aliketi kitandani, mguu ukatafuta kiatu, ukakipata. Kupitia dirishani alimwona mdogo wake ng'ambo ya uzio akipasua kuni, na yule binti anayeposwa ameshika beseni la ndizi za kumenya. Hatua arobaini, hazizidi.

Mkewe akatokea mlangoni. "Baba, unakwenda kwa shemeji?" akamwuliza, na sauti yake ilikuwa imejaa matumaini.

Bwana akasimama pale na kiatu kimoja mguuni. Akautazama ukuta, akatazama dirishani. Kisha akakivua kile kiatu.

"Mpigie yule fundi wa mjini," akasema. "Mwambie aje na nyeupe."

Mwezi wa kwanza binti akaposwa. Wageni walipouliza baba mkubwa yuko wapi, dada yao alisema anaumwa, akatazama chini, na kiti kikabaki kitupu kati ya wazee.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamtikisia nani? Sisi tukikosa amani tunafanya nini? Tunabadili godoro, tunabadili mapazia, tunahama kwaya, tunabadili mchungaji. Wangapi wamepita hapa kabla yangu? Kila kitu tunabadili, isipokuwa lile jambo moja linalotunyima usingizi, na hilo tunalijua kwa jina na kwa sura. Hatujalikataa, hapana, sisi ni Wakristo. Tumeliweka dirishani.

Mwezi uliopita kamati yetu ilikaa vikao viwili kuchagua rangi ya madhabahu. Nimesoma muhtasari: rangi yenye kuleta utulivu kwa waumini. Na ndani ya kamati hiyo wamo wawili ambao hawajapeana mkono tangu Pasaka, mmoja anaingilia mlango huu na mwingine ule. Sitawataja. Wanajijua, nanyi mnawajua. Utulivu gani mnaotaka kuupaka ukutani?

Uzio wa kanisa hili ni masale matupu, kutoka getini hadi kisimani. Kila Novemba tunaukata upendeze, na majani tunayatupa kwenye shimo la takataka. Toroli kwa toroli. Hatuna upungufu wa majani sisi.

Kwa hiyo leo sitawabariki humu ndani. Inukeni, tutoke, baraka nitaitolea pale uzioni. Kila mwenye deni la neno achume lake, na mwenye jani linalomkaukia dirishani alifuate nyumbani kabla ya chakula. Ndoo za rangi ya madhabahu nimezifungia stoo na ufunguo ninao mimi. Nitautoa siku wale wawili watakapokuja kuuomba pamoja.