Mwalimu Siwema na Maboga Mia na Ishirini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kupeleka watoto shule kama sisi, palikuwa na mwalimu mmoja mdogo. Mdogo kweli! Hata akipanda juu ya meza, wanafunzi wa nyuma walinyanyua shingo ndipo wamwone. Alikuwa Pimbi, na jina lake Siwema. Aliishi pangoni, kwenye mlima wa mawe, na uwanja ulio mbele ya pango ndio ulikuwa shule yake.

Wanafunzi wake walikuwa ishirini na sita. Walikuwepo watoto wa Digidigi, wa Kanga, wa Nungunungu na wa Kobe. Tena alikuwepo ndama mmoja wa Nyati, aitwaye Mwanahawa. Huyo alikaa nyuma kabisa, maana akikaa mbele hakuna mwingine anayeona ubao.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mahindi yakakauka, mihogo ikawa kama kuni. Kilichopona ni shamba la maboga la shule tu, kwa sababu watoto walibeba maji kwa vibuyu kila asubuhi, kutoka mtoni mpaka mlimani, huku wakiimba na kulalamika. Siku ya kuvuna wakahesabu. Maboga mia na ishirini!

"Kila mmoja atapeleka manne nyumbani," Mwalimu Siwema akasema. "Yatakayobaki tutayaweka ya mbegu na ya dharura. Tukila kwa mpango, tutaifikia mvua."

Watoto wakashangilia. Lakini kelele zao zikafika mbali, wanangu, zikafika kusikotakiwa.

Alasiri ile ile, puu, puu, puu! Ardhi ikatikisika. Wakaja wakubwa watatu. Wa kwanza Mzee Machano, Kiboko mwenye tumbo la kukokota chini. Wa pili Mzee Kibwana, Nyati mwenye pembe pana, babake Mwanahawa. Wa tatu Bwana Ngwali, Fisi, akicheka peke yake kama kawaida yake.

"Hodi hapa!" Kiboko akanguruma, na huku ameshaingia.

"Karibuni, wazee wangu. Shikamooni," Siwema akaitika.

"Marahaba. Mwalimu, tumekuja kwa ajili ya maboga. Sisi ndio tuliolinda shamba hili."

Siwema akashangaa. "Mmelinda lini, mzee wangu? Mbona hatukuwaona?"

"Hamkutuona kwa sababu tulikuwa tumejificha!" Fisi akadakia. "Hi-hi-hi! Mlinzi mzuri haonekani!"

"Kesho mchana tunakuja kuchukua haki yetu," Nyati akasema bila kumtazama binti yake. "Tukipewa vizuri, tutachukua vizuri. Tukinyimwa, tutabeba yote. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Wakaondoka. Siwema akakaa juu ya jiwe, mikono kichwani. Angefanya nini? Wakitaka kubeba yote, nani wa kuwazuia? Kanga? Kobe? Aliwatazama wanafunzi wake wanavyoyapangusa maboga vumbi, wengine mbavu zinahesabika, na moyo ukamuuma.

Kesho yake asubuhi alifundisha kama kawaida, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu hata siku ya msiba. Alikuwa ametoa unga wake wa mwisho wa mchele akapika mikate miwili ya kumimina, ya mviringo, iliyolingana kabisa.

"Huu wa kwanza nimeukata vipande vinne vilivyo sawa. Huu wa pili nimeukata vipande vinane vilivyo sawa. Shomari, njoo uchague. Unataka kipande kimoja cha mkate wa vipande vinne, au kimoja cha mkate wa vipande vinane?"

Shomari alikuwa mtoto wa Digidigi, mwenye haraka kuliko upepo. Hata hakutazama mikate. "Cha vinane, Mwalimu! Nane ni kubwa kuliko nne!"

"Una hakika?"

"Nina hakika!"

Siwema akampa. Kipande kilikuwa chembamba kama ukucha. Shomari akakitazama, akatazama kile cha mkate mwingine kilivyonona, midomo ikaanza kumcheza. Akaangua kilio. "Hiii! Nimepunjwa!"

"Nani amekupunja?"

Shomari akavitazama tena vipande vyote viwili. "Ni... ni mimi mwenyewe."

"Usilie, mwanangu. Njoo uangalie." Siwema akaviweka vipande pamoja. "Mkate ni ule ule. Ukigawanywa kwa wengi, kila mmoja anapata kidogo. Ukigawanywa kwa wachache, kila mmoja anapata kikubwa. Namba ya chini, ile ya vipande vyote, ikiongezeka, kipande kinafanya nini?"

"Kinapunguaaa!" darasa zima likaitikia.

"Sasa nipangieni kutoka kidogo mpaka kikubwa: moja ya tatu, moja ya nane, moja ya mbili."

Mwanahawa akanyoosha kwato. "Moja ya nane, kisha moja ya tatu, kisha moja ya mbili, Mwalimu. Nusu ndiyo kubwa kuliko zote."

"Vizuri sana!"

Siwema akaigawa ile mikate, kila mtoto akapata japo cha kuonja. Na alipokuwa akimpangusa Shomari machozi, mkono ukamsimama hewani. Akilini alikuwa akisikia tena, *nane ni kubwa kuliko nne*. Akajiuliza: wale wazee watatu, je, waliwahi kusoma wapi?

Akawatuma watoto haraka wakawaite wazazi wao wote waje mchana.

Jua lilipofika utosini, puu, puu, puu! Wakubwa hao. Wakakuta uwanja umejaa wanyama na maboga yamewekwa katikati, mekundu kwa manjano. Kiboko akameza mate.

"Wazee wangu," Siwema akaanza, "nimekubali kuwapa. Lakini mimi ni mdogo, siwezi kuwapimia wakubwa. Kila mmoja aseme fungu lake mwenyewe, mbele ya watu wote. Atakalosema ndilo atakalopewa, na likishatoka halirudi. Mnakubali?"

"Tunakubali!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi, Mzee Machano, wewe ndiye mkubwa wa wote. Tuseme nayagawa maboga haya mafungu manne yaliyo sawa, wewe uchukue moja. Moja ya nne."

Akasema hivyo huku roho iko juu. Kiboko akiitikia tu, maboga thelathini yanakwenda! Lakini kabla Kiboko hajafungua mdomo, Nyati alikwisha kudakia.

"Yeye nne? Basi mimi nataka moja ya sita!"

Siwema akamtazama. "Mzee Kibwana, una hakika?"

"Nina hakika! Kwani sita si kubwa kuliko nne?"

"Sita ni kubwa kuliko nne, hilo ni kweli."

Nyuma ya umati Mwanahawa akainua kwato. "Baba..."

"Nyamaza wewe! Wakubwa wanazungumza!"

"Lakini Baba, hiyo moja ya sita..."

"Nimesema nyamaza!"

Mwanahawa akateremsha kwato taratibu. Siwema akamwona, na kitu kikamkwaruza kifuani. Lakini Kiboko alikuwa ameshapandwa na hasira.

"Ati sita! Mimi mwenye tumbo hili nipitwe na Nyati? Nataka moja ya kumi!"

"Moja ya kumi na mbili!" Nyati akapiga kwato.

"Moja ya ishirini!" Kiboko akanguruma mpaka mawe madogo yakaporomoka mlimani.

"Jamani, wazee wangu, taratibu!" Siwema akalia, mikono kichwani. "Mnanifikisha wapi?"

"Moja ya thelathini!" Nyati akamaliza.

Kiboko akakunja uso. Yeye, wanangu, alijua kuhesabu mpaka ishirini tu. "Thelathini ndiyo nini? Hakuna namba hiyo! Mimi nimefika mwisho wa namba. Fungu langu ni moja ya ishirini, nimemaliza!" Akakanyaga ardhi, puu!

"Na langu moja ya thelathini!" Nyati naye akakanyaga, puu!

Fisi muda wote huo alikuwa kimya, akijikuna sikio na kuwatazama wenzake. Akacheka. "Hi-hi-hi! Wapumbavu hawa, kila mmoja anataka fungu moja moja. Mimi nataka mawili! Mwalimu, niandikie mbili za arobaini!"

Siwema akashtuka. Akafumba macho, akahesabu upesi upesi. Mafungu arobaini, uyashike mawili mawili, unapata ishirini. Kumbe mbili za arobaini ni sawa sawa na moja ya ishirini! Akashusha pumzi.

"Mbili za arobaini. Vema. Sasa, kabla hatujagawa," akasema kwa sauti ile ile ya darasani, "kuna mwenye swali?"

"Swali la nini? Gawa!" Kiboko akafoka.

"Mzee Kibwana? Huna la kuuliza?"

"Gawa, Mwalimu!"

"Watoto, kazini!"

Watoto wakayavingirisha maboga, bingiri-bingiri-bingiri, wakayapanga mafungu ishirini. Kiboko akatazama mafungu yale yalivyotapakaa uwanjani, akachekelea. "Yote haya!"

"Chagua moja, mzee."

"Moja?"

"Moja ya ishirini. Ndivyo ulivyosema."

Kiboko akainama. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Yameishia hapo. Mdomo ukabaki wazi kama mlango wa ghala.

Siwema akaandika sita ubaoni, maboga yakachanganywa tena, yakapangwa mafungu thelathini kwa ajili ya Nyati. Kila fungu maboga manne. Yakachanganywa tena, yakapangwa mafungu arobaini. Kila fungu matatu, na Fisi akapewa mawili. Sita.

"Sita?" Fisi akapiga yowe. "Mimi nimetaja mawili, tena arobaini, nipate sawa na huyu mnene?"

"Nani mnene?" Kiboko akageuka, meno nje.

Lakini aliyekasirika kuliko wote alikuwa Nyati. Yeye ndiye aliyetaja namba kubwa kwa fungu moja, na sasa ana manne tu! Macho yakawa mekundu. Akakwaruza ardhi, kwaruu, kwaruu, akainamisha pembe kumwelekea Siwema. "Umenichezea, kijipimbi wewe! Nitakusaga!"

Kanga wakaruka, Kobe wakaingia ndani ya magamba. Siwema hakukimbia. Alisimama pale pale, nyuma yake yakiwa maboga mia moja na manne ya watoto.

Ndipo kikatokea kivuli kikubwa mbele yake. Alikuwa Mwanahawa.

"Toka hapo!" babake akanguruma.

"Sitoki, Baba."

"Nimesema toka! Huyu ameniibia!"

"Hakukuibia. Alikuuliza kama una hakika, ukasema unayo. Alikuuliza kama una swali, ukakataa. Na mimi nilitaka kukuambia, ukaninyamazisha mara mbili mbele ya watu." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Baba, mafungu yakiwa mengi, kila fungu linakuwa dogo. Shomari analijua hilo, na bado ananyonya!"

"Sinyonyi!" Shomari akapaza sauti.

"Leo mimi nitaleta nyumbani maboga manne, kwa sababu nilibeba maji," Mwanahawa akaendelea. "Wewe una manne pia. Tuko sawa."

Nyati akasimama vile vile, kichwa chini. Akatazama maboga yake manne. Akatazama kwato za binti yake, zilizochubuka kwa njia ile ya mawe kutoka mtoni. Alikuwa hajawahi kuziona. Pumzi zikamtoka puani, fuuu. Kisha akanyanyua pembe polepole, akaenda kusimama kando ya binti yake.

Kiboko naye alikuwa akitaka kusogea, lakini alipoona Nyati amesimama upande wa watoto, akabadili mawazo. Akabeba maboga yake sita akaenda zake, Fisi akimfuata nyuma na kumsuta njia nzima.

Watu walipokwisha kugawana na kutawanyika, Mwanahawa alibaki. Hakuwa na furaha.

"Mwalimu, ulijua kwamba Baba anakosea."

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia?"

Siwema angeweza kumpa jibu la kumfurahisha tu, lakini hakutaka.

"Kwa sababu niliwaogopa, mwanangu. Wangejua, wangetaka nusu, au wangebeba yote, na wenzako wasingeifikia mvua. Lakini nilipokuona umeteremsha kwato, niliona aibu. Kazi yangu ni kufundisha, na leo nimeutumia ujinga wa mtu. Angeniuliza hata swali moja, wallahi ningemwambia kweli."

"Je, akiuliza sasa?" ikasikika sauti nzito.

Walikuwa hawajamwona. Mzee Kibwana alikuwa amesimama kando ya mwamba, akijaribu kujikunja awe mdogo, na hakuweza.

"Mwalimu," akasema huku akitazama pembeni, "nisamehe kwa lile neno la kijipimbi. Na naomba kuuliza. Moja ya tatu na mbili za tano, ipi kubwa? Nimeisikia kwa watoto njiani wakibishana. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma."

Siwema akamtazama Mwanahawa. Mwanahawa akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, akaokota kijiti.

"Kaa chini, Baba. Tukate zote mafungu kumi na tano, ndipo tulinganishe. Moja ya tatu inakuwa tano za kumi na tano. Mbili za tano zinakuwa ngapi?"

Nyati akakaa chini mavumbini, puu! Akahesabu kwa kwato, akakosea, akaanza upya. "Sita," akasema mwisho, uso umemchanua. "Ni sita! Basi mbili za tano ndizo kubwa!"

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu, nami nimewapa yote bila kubakiza fungu: kabla hujadai kilicho kikubwa, jifunze kwanza kikubwa ni kipi, na usione haya kuuliza.