Mguu Uliokataliwa Kuoshwa

Alikuwepo mama mmoja, mkulima wa mpunga. Jina msiniulize. Nikiwatajia mtaacha kusikiliza, muanze kumtafuta amekaa benchi gani.

Unyayoni, chini ya kidole kidogo, alikuwa na doa jeusi. Wazee walimwambia doa la unyayoni ni dalili ya safari, akakaa nalo akiingoja safari. Mwaka mmoja likaanza kutanuka. Likawa linatoka damu akiingia jarubani. Akaenda hospitali. Daktari akakata kipande kidogo, akashona, akamwambia, "Hiki kinakwenda maabara. Baada ya wiki tatu chukua majibu dirishani, uniletee niyasome."

Siku ikafika. Bahasha akapewa, lakini foleni ya kumwona daktari ilikuwa imefika chooni. Akautazama mguu, kidonda kimefunga vizuri. Akaitia bahasha ndani ya Biblia, akaenda zake kupandikiza mpunga. Ibada iliyofuata akasimama kutoa ushuhuda: "Limekatwa, limekwisha!" Kanisa likapiga vigelegele. Nani aliuliza majibu yamesemaje? Hata mchungaji hakuuliza. Kwa vigelegele hatujambo.

Ikaja siku ya kuoshana miguu kabla ya meza ya Bwana. Mnajua wenyewe, kila mtu na mwenzake wa beseni. Wa kwake alikuwa jirani yake, wamepakana mashamba, na wameoshana kila robo ya mwaka kwa miaka kumi na moja. Yule mama akaweka Biblia kwenye benchi, bahasha ikachungulia.

"Hii nini?" jirani akauliza.

"Ya hospitali."

"Mbona haijafunguliwa? Majibu yamesemaje?"

"Dada, majibu ya nini tena? Doa si limekatwa? Nioshe, maji yanapoa."

"Sikuoshi."

"Unasemaje?"

"Mguu huu siuoshi mpaka bahasha ifunguliwe."

Chumba kizima cha akina mama kikageuka kutazama. Kumkataa mwenzako siku ile, mnajua ni jambo gani! Mmoja akafoka, "Wewe, unataka tuikose meza kwa ajili ya unyayo?"

"Tuikose," jirani akasema. Akabeba beseni, akamwaga maji nje.

Bahasha ikafunguliwa. Kiingereza kitupu, hakuna aliyeambulia kitu. "Basi Jumatatu asubuhi nakupitia," jirani akasema. "Na usijifanye unaumwa kichwa."

Daktari akaisoma ile karatasi, akavua miwani.

"Mama, ukipika mchuzi unaonja?"

"Naonja."

"Ukionja, umekula?"

"Hapana."

"Kile kipande kilikuwa cha kuonja tu. Sufuria bado iko jikoni. Karatasi inasema hii ni saratani ya ngozi, na kingo za kipande hazikuwa safi, yaani nyingine imebaki mguuni. Bahati yako, saratani haikuwa imezama ndani. Ungekuja siku ile ningetoa nyama kidogo. Umeikalia wiki tisa. Sasa natoa na kidole."

Mama akaanza kulia. Jirani akamwambia, "Lia huku unavua kiatu."

Kidole kikakatwa, nacho kikapelekwa maabara. Safari hii hawakuondoka mlangoni kwa daktari mpaka waliposikia kwa masikio yao: kingo safi. Hata hivyo akaambiwa arudi kila miezi mitatu akaguliwe. Anarudi, foleni au si foleni.

Robo iliyofuata akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu. "Osha. Vimebaki vinne. Na asante, dada, umeniokoa."

Jirani hakuugusa. "Usinishukuru," akasema. "Mwaka jana niliuosha mguu huu, doa likiwa kama punje ya mtama. Robo iliyofuata likawa kama punje ya hindi. Nililiona mara zote mbili. Nikapitisha kitambaa juu yake, nikaendelea na ubeti wa pili wa wimbo, nikijiambia nikisema nitamtia aibu. Kidole hicho nimekikata mimi."

Mlidhani mfano huu ni wa wenye madoa, sivyo? Nimewaona mkitikisa vichwa: mjinga yule, kuficha bahasha! Haya, na sisi tunaoinama mbele ya miguu ya wenzetu? Tunaona, tunafunika kwa wimbo, tunauita huo ukimya heshima. Neno nalo likituchoma kidogo Sabato moja, tunasimama kushuhudia kwamba tumepona, kumbe tumeonjwa tu. Bahasha iliyofungwa na mdomo uliofungwa ni mtu na dada yake. Hakuna aliyepona kwa kutosoma, wala hakuna aliyeponywa na jirani mwenye adabu.

Mabeseni yako nyuma, maji yamekwisha kupashwa moto. Leo mkiosha, hakuna kuimba. Tazameni nyayo. Ukiona kitu, sema hapo hapo, kabla hujashika taulo.