Kilindo cha Njiani

Mtu mmoja alikuwa na mkono mzuri wa kupika, jina lake Nkwabi. Wanaume wa kijijini kwao walikuwa warina asali. Kila kiangazi walifunga safari kwa baiskeli, wakaenda kupiga kambi ndani kabisa ya msitu wa miombo ilikotundikwa mizinga yao. Huko hakuna duka wala shamba, na aliyesahau chumvi nyumbani atakula bila chumvi mpaka arudi. Kwa hiyo walimkabidhi Nkwabi mwiko. Mwenye mwiko hapandi mti wala hafukizi nyuki. Kazi yake ni kupanga chakula kabla ya safari, kukipima kambini, na kuwarudisha watu makwao wakiwa na nguvu za kusukuma baiskeli zenye madumu ya asali.

Maandalizi yalikuwa na desturi yake. Kila nyumba ilitoa unga, maharage, dagaa na chumvi, na vyote vikachanganywa pamoja ili kambini asitokee mtu wa kusema hiki changu, kile chako. Kimoja tu hakikuchanganywa na vingine. Wanawake walichemsha viazi vitamu, wakavikata vipande, wakavianika juani mpaka vikawa vikavu kabisa. Hayo ndiyo matobolwa, ambayo mtu huyatafuna bila kuwasha moto. Waliyatia pamoja na karanga za kukaanga ndani ya kilindo, chombo cha gome la mti chenye mfuniko, na Kalunde mke wa Nkwabi akakifunga kwa kamba. Hicho kilikuwa chakula cha kurudia nyumbani. Kambini kilitundikwa mtini, juu ya vichwa vya wote, na hakikushushwa ila safari ya nyumbani imeshaanza, kwa maana njia ile ni ya mchanga, maji yake ni ya shida, na mtu aliyechoka hana nafasi ya kupika. Mrina asali akiinua macho na kukiona pale juu, moyo wake hutulia.

Mwaka huo nyuki walikuwa wamefanya kazi kwelikweli. Mizinga ilijaa, na warina wakakubaliana kukaa kambini zaidi ya walivyopanga. Ilimpasa Nkwabi kupunguza kipimo cha unga tangu siku ile ile waliyokubaliana, na alilijua hilo vizuri kuliko wote. Lakini Nkwabi alipenda kusifiwa. Jioni, watu walipokaa kuzunguka sufuria, nyuso zimevimba kwa kuumwa na nyuki, yeye alikuwa akiwatazama midomo. Wakila wakashiba, wakasema, "Mkono huu una baraka, bwana!", alilala kwa raha. Siku aliyosonga ugali mdogo hakuna aliyelalamika. Walinyamaza tu, wakalamba vidole, na ukimya ule ukamuuma kuliko matusi. Hakuweza kuuvumilia mara ya pili.

Kesho yake, wenzake walipokuwa mizingani, alikishusha kilindo. Alichota kidogo, akayatwanga matobolwa na kuyachanganya na maharage, na jioni watu wakamshangilia. Alijiambia kwamba kilichobaki kingetosha. Keshokutwa akachota tena. Na kila alipochota alikifunga upya na kukirudisha mahali pake, kamba ikiwa imekazwa vilevile, hata siku moja alipotia mkono asiguse kitu ila maganda ya karanga. Siku hiyo pia alikifunga. Siku hiyo pia alikitundika.

Ikafika siku ya mwisho. Madumu yamejaa, baiskeli zimefungwa mizigo, na ndani ya gunia kumesalia unga wa kuwatosha warina kwa uji wa siku kadhaa. Wakapita wapasua mbao waliokuwa wakielekea upande wa pili wa msitu, akiba yao imekwisha. Shija, mdogo wake Nkwabi, ambaye homa ilikuwa imeanza kumnyemelea, ndiye aliyetoa shauri: wapewe gunia lote, sisi cha njiani tunacho. Wote wakainua macho juu ya mti, wakakubali. Nkwabi alisimama na mwiko wake mkononi. Neno moja lingetosha. Angesema, "Ndugu zangu, kile ni kitupu," wangemtukana, wangemcheka mwaka mzima, na wangegawana ule unga na wapasua mbao, kila upande ukafika kwao. Nkwabi akasogea kando, akawapisha. Gunia likaenda. Nkwabi akakishusha kilindo, akakifunga kwenye usukani wa baiskeli yake na kuiendesha mbele ya wenzake.

Siku ya kwanza walisema bado tuna nguvu, tusikifungue mapema. Nkwabi aliafiki upesi. Siku ya pili mchanga uliwachosha, maji yakapungua, na homa ya Shija ikapanda. Walimlambisha asali. Tumbo lake tupu likaikataa, akaitapika, kiu ikamzidi. Wakawa wanamsukuma juu ya baiskeli, madumu yake yameachwa porini, na kila mmoja akimpa moyo kwa kumwonyesha kilindo kilichokuwa kikitikisika huko mbele. Penye kivuli chembamba akaomba ashushwe. Akakaa, akaegemea gurudumu, akamtazama kaka yake bila wasiwasi wowote, kama mtoto anavyomtazama mama anayepakua.

"Kaka," akasema, "sasa nipe kile cha njiani."

Nkwabi alipiga magoti akaifungua kamba. Alichelewa kwenye fundo, na wenzake wakasogea kumsaidia. Mfuniko ulipotoka, Shija alichungulia ndani. Akayaona maganda. Alinyoosha mkono, akaurudisha mfuniko mahali pake taratibu, kana kwamba anamsitiri mtu aliye uchi, akageuza uso. Jua la siku ile halikutua akiwa hai.

Waliporudi, wenzake walisema ni homa. Walisema hivyo kwa mjane wa Shija, wakasema hivyo kwa wazee, na mbele ya Nkwabi walisema kwa sauti zaidi, maana walikuwa watu wema. Huenda ilikuwa homa kweli. Wenye homa hufa hata wakiwa na chakula, na wenye njaa huvuka mchanga ule wakafika. Nkwabi hakupata kujua, na kutojua huko ndiko kulikomla miaka yake yote iliyobaki. Kalunde alikipokea kilindo mlangoni, akakipima mkononi, akamtazama mumewe kwa muda. Kisha akakipeleka nyuma ya nyumba akakichoma moto. Wala hakumuuliza kilikwisha lini.

Kiangazi kilichofuata wanawake walichemsha viazi tena, wakavianika. Hakuna aliyemnyang'anya Nkwabi mwiko. Wala hapakuwa na kikao juu yake. Lakini ilipofika asubuhi ya safari hawakumkabidhi kilindo, wala hawakumkabidhi mtu mwingine. Kila mke alimshonea mumewe kifuko chake, kila mume akakivaa shingoni chini ya shati, na njiani kila mmoja alitafuna cha kwake akiwa amewapa wenzake kisogo. Mjane wa Shija alisimama kando ya njia akawatazama wakiondoka, mtoto mgongoni, hana wa kumshonea. Na hata leo, kwenye kambi ile, mrina asali akiinua macho mtini haoni kitu.

Basi wewe uliyeshika mwiko, uwe mzazi, uwe mchungaji, uwe mkubwa wa watu wowote, sikuulizi kama walio chini yako wameshiba jioni hii na wanakusifu. Nakuuliza hivi: kile ulichokitundika juu ya vichwa vyao, wanachokitazama wakalala kwa amani, ndani yake mna nini?