Siku Tusekile Alipomwita Mkwewe

"Ukiita 'baba', wote hugeuka, ukiita jina, mmoja huruka."

Mmecheka niliposema hivyo, baada ya yule bwana kupaza sauti, "Nyie, mtu alete maji," na asiinuke hata mmoja. Sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni basi, wala msinikatize, maana kisa hiki hunikosesha utulivu kila ninapokisimulia. Methali hii ilianza hivi.

Huko kwetu milimani, mwanamke aliyeolewa hakutamka jina la baba mkwe wake. Alimwita "baba" tu, tena kwa sauti ya chini. Aliyelitamka alirudishwa kwao, na watoto wakabaki kwa mume. Tusekile, mke wa mwana wa mzee Ambokile, aliushika mwiko huo kuliko wengi, maana alikuwa na mtoto mchanga mgongoni.

Mzee Ambokile na wenzake walikuwa wapasua mbao. Waliangusha miti juu ya kilima, wakayazuia magogo kwa vigingi, kisha wakayateremsha moja moja kuyapasua bondeni. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Tusekile alipokuwa akiwapelekea chakula alipita juu, akaona udongo ukimegeka kwenye vigingi. Aliposhuka bondeni akamwambia mumewe, naye akajibu kwamba wazee wanaijua kazi yao. Lakini moyo wa Tusekile haukutulia. Alitua kapu, akalibeba, akalitua tena, mwisho akapanda kwenda kutazama.

Alipofika tu, kigingi kikachomoka. Gogo likaanza kubingiria, na chini yake mzee Ambokile alikuwa ameinama akitia msumeno makali.

"Baba!" Tusekile akaita. "Baba, toka hapo!"

Wanaume wote wakageuka. Nani kati yao hakuwa baba wa mtu? Wakatazamana, kila mmoja akingoja kujua anayeitwa ni nani. Mzee Ambokile naye aligeuza kichwa, akamtazama mwenzake, akabaki palepale.

Tusekile alimgusa mwanawe mgongoni. Kisha akaita.

"Ambokile!"

Mzee akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, maana hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mkaza mwanawe. Gogo likapita, likaukunja ule msumeno.

Hakuna aliyeshangilia. Tusekile aliketi matopeni akilia, na mumewe hakuthubutu kumsogelea. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba mwiko ni mwiko, arudishwe kwao jioni ileile. Mzee Ambokile akawapita wote, akapanda hadi alipoketi yule binti.

"Alipoita baba, niligeuka pamoja nanyi," akasema, "na ningekufa na heshima yangu. Aliponiita mimi, niliruka. Anayetaka kumrudisha kwao, kwanza anirudishe mimi pale chini ya gogo."

Wakarudi kazini. Tusekile alizeekea katika nyumba ile, na jina lile hakulitamka tena mpaka siku ya msiba wa mzee. Siku hiyo aliliita kwa sauti mbele ya watu wote, na safari hii mzee hakuruka.

Basi ndiyo hiyo. Ukiita "baba", wote hugeuka. Ukiita jina, mmoja huruka.

Atupele, lete maji.