Mgomba Ulipoacha Kuhama

Mnauona mgomba umesimama nyuma ya jiko, mnadhani ulizaliwa na utulivu. Haukuzaliwa nao. Katika siku ambazo hata babu wa babu yangu alizisikia tu, mgomba haukuwa na kwao. Leo umeota hapa, baada ya miezi michache umeng'oa mizizi na kushika njia, watoto wake nyuma, ukitafuta udongo wenye unyevu. Watu nao hawakujua chakula kingine ila ndizi, kwa hiyo mgomba ukienda, nao huenda. Hakuna aliyemaliza kuezeka nyumba. Mwanamke akibandika chungu, jicho moja lilikuwa kwenye chungu na jingine kwenye migomba, kuangalia kama majani yameanza kutikisika bila upepo. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya safari.

Na walikuwa na desturi moja mbaya, siwafichi. Aliyeshindwa kutembea aliachwa. Aliachiwa mkungu mmoja na moto, akaagwa, basi.

Miongoni mwao alikuwepo Kokuhirwa, aliyeishi na mama yake, Nyamwiza. Mwaka huo magoti ya Nyamwiza yalivimba, ikawa hawezi kwenda hata hatua kumi. Kokuhirwa alilificha jambo hilo, akawaambia watu kuwa mama ana homa kidogo. Kila asubuhi alitoka kuitazama migomba, akarudi, akatoka tena, akarudi, mpaka mama yake akamwambia, "Mwanangu, kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Usafi wa siku hizo ulikuwa kutupa mbali kila kilichokwisha kutumika. Maji ya kuoshea vyombo, maganda, majivu, vyote vilipelekwa njia panda, na aliyevimwaga karibu na nyumba alisemwa kuwa mchafu. Mnacheka, lakini nanyi mngesemwa. Nyamwiza hakuweza kufika njia panda. Binti yake alipokwenda kuichungulia migomba, yeye alijikokota mpaka ukuta wa nyuma wa jiko, palipokuwa na tundu, akapitishia hapo maji aliyooshea bakuli lake, kisha maganda, kisha majivu ya jana. Alifanya hivyo kila siku, kwa aibu.

Kokuhirwa alipogundua alikasirika. "Mama, watatusema."

"Watanisema mimi," alijibu Nyamwiza, "na wakati huo nitakuwa nimebaki hapa, siwasikii."

Kokuhirwa alitoka nje akalia, kwa sababu alijua kuwa mama yake ameshajihesabu miongoni mwa walioachwa.

Siku ya tatu baada ya hapo majani yakatikisika. Rwegoshora, aliyekuwa mkuu wa safari, alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu. Alipofika kwa Kokuhirwa aliyaona yale magoti akaelewa. Hakusema neno kali. Yeye mwenyewe alikuwa amemwacha mama yake mwaka uliotangulia. Alikata mkungu akauweka mlangoni. "Muage mama," alisema. "Tutakungoja mtoni."

Kokuhirwa hakwenda. Alikaa na mama yake wakisikiliza nyayo za watu na mizizi ikiburuzwa njiani, mpaka kukawa kimya. Kisha akazunguka nyuma ya jiko kutafuta kuni. Hapo, chini ya lile tundu, palikuwa na mgomba mmoja na watoto wake watatu, mizizi imeng'ang'ania udongo uliolowa. Majani yalikuwa bado yanatikisika, kama mgeni anayekataa kuketi. Kokuhirwa alirudi ndani mbio, akasuuza bakuli, akayamimina yale maji shinani. Majani yakatulia. Kesho yake akafanya vilevile, na keshokutwa.

Mwaka ulipopinduka wenzao walirudi wamekonda, wakiifuata migomba iliyochoka. Walimkuta Nyamwiza ameketi nje akimenya ndizi, na nyuma yake migomba imesongamana hadi kulitia paa kivuli. Rwegoshora aliuliza ilihitaji maji kiasi gani. Nyamwiza akamwonyesha bakuli lake.

"Hilo moja kwa siku?"

"Hili moja. Na maji yenyewe nimekwisha kuyaoshea vyombo."

Rwegoshora akaketi chini palepale. Watu walimngoja ainuke, wakachoka kungoja, wakaenda kujenga, naye bado ameketi akilitazama lile bakuli.

Na tangu siku hiyo mgomba hukaa nyuma ya jiko, na maji ya vyombo, maganda na majivu hupelekwa kwake, si njia panda. Lakini msidhani umeridhika. Utazameni vizuri: kila mtoto wake huchipuka hatua moja mbali na mama, akielekea njiani. Mgomba ukisahauliwa, unakwenda. Ndiyo maana sisi wenye magoti mabovu hatupati usingizi mpaka tusikie kuna mtu amekwenda kuumwagia.