Shemasi Namsifu na Barua ya Udugu

Wametuhadithia waliotutangulia katika imani kwamba katika milima ya Upare aliishi mama mcha Mungu, jina lake Namsifu, shemasi wa Ushirika wa Agano. Aliwaosha wagonjwa kwa mikono yake, na yatima hawakuondoka kwake na njaa. Lakini moyoni alikuwa na hasira ya miaka kumi na tisa, na hasira hiyo hakuwahi kumficha Mola wake.

Zama zile Ushirika wa Agano uliabudu juu mlimani, na Ushirika wa Neema bondeni. Walisoma Biblia moja na kumkiri Mwokozi mmoja. Hata hivyo, wa Agano waliwekewa amri: asiyebatizwa kwetu si ndugu; usisali naye, usishiriki naye Meza ya Bwana, wala usimzike. Sasa Nakundwa, mdogo wake Namsifu, aliolewa bondeni akahamia Neema. Alipofariki kwa uzazi, Namsifu alimwendea mchungaji wake, Mzee Eliakimu, kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Alikatazwa kwa ukali, akaambiwa kwamba akishuka atavuliwa ushemasi. Akatii. Alijifungia ndani akisikia nyimbo za mazishi zikipanda kutoka bondeni, na ndugu yake wa tumbo moja akazikwa na watu baki.

Miaka ikaenda, na mambo yakaanza kulegea. Mwaka mmoja maporomoko ya udongo yaliziba barabara, wa Agano na wa Neema wakachimba udongo pamoja, na ilipofika saa ya kumwomba Mungu haikuwezekana kuomba kwa zamu. Baadaye Neema waliazima mabenchi ya Agano kwa ajili ya harusi, na hakuna mzee aliyekataa. Kisha kwaya zikaimba pamoja sikukuu ya mavuno. Mwishowe Mchungaji Eliakimu, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa cheupe chote, alitangaza kwamba siku ya Pentekoste washirika wote watashuka bondeni kwa ibada ya pamoja, na huko itasomwa barua ya udugu.

Barua hiyo ililetwa kwanza mbele ya wazee na mashemasi. Ilisema: "Tangu mwanzo Ushirika wa Agano umewapenda ndugu zetu wa Neema. Kama palikuwa na umbali, ulitokana na mazingira ya wakati ule."

Damu ilimchemka Namsifu. Akauliza hayo mazingira yaliitwa nani. Mchungaji akamjibu kwa upole kwamba upatanisho unataka maneno laini, na si vyema kufukua mambo ya zamani mbele ya wageni.

"Baba Mchungaji," akasema Namsifu, "aliyefukiwa ni mdogo wangu. Sitakwenda kumwongopea Mungu juu ya ardhi aliyolala."

Wazee wakamsihi, lakini barua ikabaki kama ilivyoandikwa. Namsifu akarudi nyumbani akafunga siku tatu, na tusifiche, ndugu zangu: sala zake hazikuwa nzuri. Alimwomba Mungu amwaibishe Eliakimu hadharani. Siku ya tatu, akiwa katika kuomba hivyo, alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na ulimi ukamwia mzito.

Pentekoste ikawadia. Mchungaji aliposoma sentensi ile ya kwanza, Namsifu akasimama katikati ya kusanyiko.

"Hayo si kweli," akasema. "Hatukuwapenda. Tuliwakataa. Mimi mwenyewe, siku ya msiba, shemeji yangu Mbonea, mume wa mdogo wangu, alipanda hadi kwangu akagonga mlango, akaniita kwa jina langu. Nikanyamaza ndani kama mtu asiyekuwepo, kwa kuwa niliupenda ushemasi wangu. Nimemkasirikia mchungaji miaka yote hii ili nisijikasirikie mwenyewe. Naomba msamaha. Na kama leo hamuwezi kunisamehe, msinidanganye kwamba mmenisamehe."

Uso wa Mchungaji Eliakimu uliwiva kwa ghadhabu, maana alikuwa ameaibishwa mbele ya kondoo wake na wa mchungaji mwenzake wa Neema. Aliitazama barua aliyoishika. Kisha akaikunja.

"Amri ile niliitoa mimi," akasema. "Sikuiona katika Maandiko. Niliogopa kwamba watu wataniacha wahamie bondeni."

Ndipo Mbonea, aliyekuwa sasa mzee wa kanisa la Neema, akainuka akamwendea Namsifu. Hakuwa na tabasamu.

"Shemeji, nilijua umo ndani," akamwambia. "Nilikusikia ukilia. Nimekuchukia kwa hilo, na leo nimechoka kukuchukia. Njoo uketi nasi."

Namsifu akaenda, akaketi katika benchi la jamaa ya marehemu. Waliomjua wanasema hasira haikumtoka siku ile, ila ilipungua mwaka baada ya mwaka. Na makanisa yale mawili yalikaa miaka minne zaidi kabla ya kushiriki Meza moja ya Bwana.

Basi tujihoji, enyi wapendwa, tunaposhikana mikono na tuliowaumiza huku tukificha tulichowatenda. Mungu hakumkemea mja wake yule kwa ghadhabu yake. Aliingoja mpaka imfikie mama yule mwenyewe, na ilipomfikia, akaifanya kuwa toba.